Kuvuka Aomori kwa Treni za Kila Kituo

Mimi ni mtoto wa pale reli inapoishia. Nilizaliwa Kigoma, ambako Reli ya Kati ilifika mwaka 1914 na kukomea ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kwa sababu hiyo sijawahi kuitenganisha treni na chakula: kuku wa Saranda anayepitishwa dirishani, asali ya Tabora ndani ya chupa iliyotumika, na kiroba cha dagaa ambacho hakuna mwana wa Kigoma anayesafiri bila kuwabebea ndugu wa huko aendako. Nilipojikuta na Jumapili nzima isiyo na kazi katika mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu nchini Japani, nilifanya kile ambacho marehemu baba yangu angefanya. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikaa na ratiba ya treni, nikatia alama kwenye kila kituo ambacho watu walikuwa wameniambia pana kitu cha kula, na nikapanga safari kwa kufuata alama hizo.

Aomori ni mkoa mmoja kwenye ramani, lakini kwa wenyeji ni nchi mbili. Mashariki, upande wa Bahari ya Pasifiki, ni Nanbu. Magharibi, upande wa Bahari ya Japani, ni Tsugaru. Na katikati imelala milima ya Hakkoda. Mwishoni mwa karne ya 16 bwana mmoja aliyeitwa Tamenobu, ambaye alikuwa chini ya ukoo wa Nanbu, alijitenga na kusimamisha utawala wake huko Tsugaru, na uhasama ulioanza hapo ulirithishwa vizazi kwa vizazi hadi serikali ya Meiji ilipoziunganisha sehemu hizo mwaka 1871. Lafudhi bado ni mbili, hali ya hewa ni mbili, na, jambo lililonivutia kuliko yote, sufuria ni mbili. Nilitaka kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa siku moja, kwa treni zinazosimama kila kituo, nikila njiani, ili nione ni wapi hasa sufuria inabadilika.

Nilianzia Hachinohe, mji mkubwa wa bandari upande wa Nanbu. Treni ya alfajiri ilinishusha kituo cha Mutsu-Minato kukiwa bado giza, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa sanamu: mwanamke muuza samaki, mnene wa mwili na mchangamfu wa uso, aliyesimamishwa mbele ya kituo kwa heshima ya akina mama wa soko hilo, ambao mjini hapo huitwa *isaba no kaachan*. Nilisimama kidogo mbele yake. Nimekulia kati ya akina mama wa namna hiyo, wanaoamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi na kurudi nyumbani wakati watoto wanakwenda shule, na sikumbuki kuona mji wowote wa kwetu uliowajengea sanamu mbele ya stesheni.

Kutoka hapo nilitembea kama robo saa hadi gati la Tatehana. Kila Jumapili, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba, gati hilo la wavuvi hugeuka soko kuanzia alfajiri, na vibanda zaidi ya 300 hupangwa kwa urefu wa kama mita 800 kando ya maji. Ikifika saa tatu asubuhi vinakunjwa, na mtu akija saa nne hukuta saruji tupu na shakwe. Nilifika wakati mzuri. Taa za vibanda zilikuwa zinawaka, mvuke ulikuwa unapanda kila upande, na nyuma ya safu ya magari bahari ilikuwa nyeusi kabisa. Mwezi Desemba jua la Hachinohe huchomoza karibu saa moja kasorobo, kwa hiyo saa nzima ya mwanzo nilinunua na kula gizani, nikitambua bidhaa kwa harufu: vibua waliobanikwa, mabawa ya kuku yenye chumvi ambayo foleni yake ilikuwa ndefu kuliko zote, kahawa, figili mbichi zenye udongo, ngisi waliopangwa wima kwenye maboksi kama mishumaa.

Chakula nilichokiendea kinaitwa *senbei-jiru*, na nataka kukieleza taratibu kwa sababu kwa msikilizaji hakieleweki mpaka akione. Ni supu ya biskuti. Biskuti zenyewe, *senbei* za Nanbu, ni za ngano, maji na chumvi, zimechomwa katika kikaango cha chuma chenye pande mbili hadi zikawa duara jeupe gumu lenye ukingo mwembamba uliojitokeza pembeni. Ukingo huo wenyeji huuita sikio, na masikio yaliyokatwa huuzwa peke yake kwenye mifuko ili watu watafune na chai. Ziko za kutafuna kavu, zenye ufuta au karanga, na ziko zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya supu. Mama aliyenihudumia alikuwa na sufuria pana ya mchuzi wa kuku na sosi ya soya, ndani yake vipande vya kuku, uyoga, kabichi, vitunguu majani na mzizi mrefu wa kahawia uitwao *gobo*. Alizivunja biskuti kwa mkono mmoja, kila moja vipande vinne, akazitumbukiza, akafunika, na akaanza kuzungumza na mteja mwingine bila kuangalia saa. Alipofunua, nilitarajia uji. Badala yake vile vipande vilikuwa vimevimba na kulegea nje, lakini ukivibana kwa meno katikati vinakataa kidogo, kama tambi ya nyumbani iliyotolewa motoni mapema, na kila kipande kimekunywa mchuzi wote kinaoweza kuubeba.

Nilimuuliza, kwa Kijapani changu cha miaka miwili, kwa nini ngano na si mchele, katika nchi ambayo mchele ni kila kitu. Alinyoosha kijiko kuelekea baharini na kusema neno moja: *yamase*. Huo ni upepo wa baridi na unyevu unaovuma kiangazi kutoka kaskazini-mashariki, ukileta ukungu na mawingu wakati mpunga unahitaji jua ili utoe mbegu. Miaka ambayo *yamase* inakaa muda mrefu, mpunga wa upande wa Nanbu husimama ukiwa mapepe. Mwaka 1993 upepo huo ulichangia mavuno ya mpunga kuharibika kiasi kwamba Japani ililazimika kuagiza mchele kutoka nchi za nje, ukiwamo wa Thailand. Karne zilizotangulia, ambapo hapakuwa na wa kumwagiza, maana yake ilikuwa njaa. Watu wa Nanbu walijifunza kutegemea ngano, mtama na *soba*, mazao yanayovumilia baridi. Kwa hiyo bakuli lile nililolishika kwa mikono miwili, vidole vikiwa vinarudi uhai, lilikuwa jibu la watu kwa upepo, na nililimaliza hadi tone la mwisho huku upande wa mashariki ukianza kuwa mwekundu.

Jua lilipochomoza niliona jambo ambalo giza lilikuwa limelificha. Hapakuwa na theluji. Ardhi ilikuwa kavu, imeganda kwa baridi, anga lilikuwa buluu safi. Nilinunua kifungu cha masikio ya *senbei* kwa ajili ya njiani na nikarudi kituoni.

Kutoka Hachinohe hadi mji wa Aomori kuna njia mbili za reli. Treni ya kasi, Shinkansen, hutumia chini ya nusu saa hadi Shin-Aomori, na sehemu kubwa ya nusu hiyo abiria yumo gizani, kwa sababu handaki la Hakkoda peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita 26. Njia ya zamani huzunguka kwa kufuata pwani, karibu kilomita 96, na huchukua kama saa moja na nusu. Treni hizo za kasi zilipofika Shin-Aomori tarehe 4 Desemba 2010, kampuni kubwa ya reli iliiachia njia ya zamani. Mkoa ukamiliki reli zenyewe, na kampuni ndogo iitwayo Aoimori Railway ikabaki kuendesha treni. Nalisema jambo hili kwa sababu nimeona reli za kwetu zilizokufa nyasi zikaota, na najua kwamba treni ya mabehewa mawili inayobeba wanafunzi na vikongwe haiwezi kujilipa kwa nauli. Mtu fulani ameamua kwamba ni lazima iwepo. Niliipanda kwa shukrani, nikakaa upande wa kulia ambao baadaye ungetazama bahari, na nikafungua mfuko wangu wa masikio.

Tulipita Misawa katika jua. Baada ya hapo mashamba yalianza kupata madoa meupe, kisha mitaro yote ikawa myeupe, na tulipokaribia Noheji, bila mpaka wowote kutangazwa, theluji ilikuwa imefunika mapaa na anga lilikuwa la kijivu. Nilikuwa nimesoma sababu yake, lakini kuiona dirishani ni jambo jingine. Wakati wa baridi upepo mkavu hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana joto kuliko upepo wenyewe, hunyonya unyevu njia nzima, na ukigonga milima hii huutua mzigo wake wote upande wa magharibi kama theluji. Unaoshuka upande wa pili ni upepo mtupu. Ndiyo maana Hachinohe ilikuwa kavu, na ndiyo maana mji wa Aomori hupata kwa kawaida zaidi ya mita 5 za theluji kila msimu, ukijumlisha inayoanguka siku hadi siku.

Pale Noheji, kando ya jukwaa, pamesimama safu nene ya mierezi mirefu na ya kizee. Reli ilipofika Aomori mwaka 1891, majira ya baridi yaliyofuata yalionyesha kwamba treni haziwezi kupita pale upepo unapolundika theluji juu ya njia, na mwaka 1893 ikapandwa miti kando ya reli ili iuvunje upepo huo. Ni msitu wa kwanza wa namna hiyo nchini Japani, na bado unafanya kazi. Treni yetu ilisimama dakika chache. Nje theluji ilikuwa inakwenda ubavu, lakini ilipofika kwenye miti ile ilipoteza nguvu na kushuka wima, taratibu, juu ya matawi. Miaka zaidi ya 130 imepita, na aliyepanda amekwisha kuzikwa.

Baada ya Noheji reli inaikumbatia Ghuba ya Mutsu, na hapo ndipo wanapofugwa *hotate*, viumbe wa jamii ya chaza wenye gamba pana lenye mifereji iliyotawanyika kama vidole vya mkono. Hufugwa wakining'inia majini kwenye kamba na nyavu. Maboya yao yalionekana yamepangwa mistari hadi mbali. Baharini kwenyewe mambo si mepesi: majira ya joto ya mwaka 2010, na tena ya 2023, maji ya ghuba yalipata joto kupita kiasi na *hotate* wengi wakafa wakiwa kwenye nyavu. Wafugaji hujaribu kuwashusha kina zaidi, kuliko na ubaridi.

Nilifika mji wa Aomori saa tatu na nusu hivi, njaa ikiwa imerudi. Dakika chache kwa miguu kutoka kituoni lipo soko la samaki la Furukawa lenye utaratibu ambao ningependa kuuona Feri pale Dar es Salaam: unanunua ukanda wa tiketi ndogo za karatasi, unapewa bakuli la wali wa moto, kisha unazunguka kibanda hadi kibanda ukichana tiketi moja moja na kila muuzaji anakuwekea juu ya wali kipande cha samaki ulichochagua. Nilichukua jodari, mayai ya samoni yanayong'aa kama shanga, ngisi, na *hotate* wa ghuba niliyotoka kuipita, ambaye mbichi ana utamu wa karibu sukari. Kila bibi alinisukumia cha kwake. Tofauti na asubuhi, chini ya yote haya ulikuwapo wali mweupe, mwingi. Nilikuwa nimevuka.

Nilijipa saa moja na nusu ya kutembea. Mji huu umejengwa kuelekea maji, na ukifuata harufu ya chumvi unafika penye meli kubwa ya manjano na nyeupe, Hakkoda-maru, iliyofungwa gatini moja kwa moja. Kwa miaka 80, kuanzia 1908, meli za shirika la reli zilivusha abiria na treni kutoka hapa hadi Hakodate katika kisiwa cha Hokkaido, na nasema treni kwa maana yake kamili, kwa sababu reli za kituo ziliendelea hadi ukingoni mwa gati na kuingia tumboni mwa meli, na mabehewa yakasukumwa ndani. Hakkoda-maru ilianza kazi mwaka 1964 na ilifanya kazi hadi tarehe 13 Machi 1988, siku lilipofunguliwa handaki la Seikan, lenye urefu wa kilomita 53.85, kati ya hizo kilomita 23.3 zikiwa chini ya sakafu ya bahari.

Nilishuka hadi sitaha ya chini kabisa, ambako mabehewa ya zamani bado yamefungwa minyororo juu ya reli zake. Pana baridi na harufu ya grisi. Kigoma nako treni hukutana na meli, lakini kwetu mizigo yote ilihama mabegani mwa watu, gunia baada ya gunia, kutoka behewani hadi MV Liemba, na mjomba wangu mmoja aliishi kwa kazi hiyo. Nilishika mnyororo mmoja na kufikiria ni migongo mingapi iliyopumzishwa na wazo la kuingiza reli ndani ya meli. Lakini bahari hii ililipiza. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1954 kimbunga kiliizamisha meli ya njia hiyo iitwayo Toya-maru karibu na Hakodate, na katika meli hiyo peke yake walikufa watu zaidi ya 1,100. Mpango wa handaki ulikuwa umeshaanza kuzungumzwa; baada ya usiku ule hapakuwa tena na hoja ya kuusubirisha. Nje, reli bado zinaonekana zikitoka kwenye theluji na kukatika penye maji.

Treni ya mchana ilinipeleka kusini-magharibi hadi Kawabe, ambako nilibadili na kuingia njia ya Gono. Njia hii yenye kilomita 147.2 inasifika kwa sehemu inayopita kando ya mawimbi ya Bahari ya Japani, na watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya sehemu hiyo. Mimi niliihitaji kwa vituo vichache tu vya bara, na sikujuta, kwa sababu hapo ndipo yalipo matufaha. Pande zote mbili za reli ilisimama miti mifupi, myeusi, iliyokatwa matawi hadi kufanana na mikono iliyofunguliwa, kila mmoja umevaa theluji, na hapa na pale tufaha moja jekundu lililosahaulika au kuachiwa ndege. Mwaka 1875 serikali iliupa mkoa huu miche mitatu tu ya matufaha ijaribiwe. Leo Aomori hutoa zaidi ya nusu ya matufaha yote ya Japani. Kituo cha kwanza baada ya kubadili treni kinaitwa Fujisaki, na katika mji huo, kwenye kituo cha utafiti wa matunda, zilichavushwa aina mbili za Kimarekani mwaka 1939, na mmoja wa miche iliyopatikana ukaja kuitwa Fuji mwaka 1962. Wengi wetu tumelila tufaha hilo bila kujua lilikotoka. Huuzwa hata Kariakoo, likiwa na kibandiko cha nchi nyingine.

Bibi aliyekaa mbele yangu alitoa moja mkobani, akalimenya kwa kisu kidogo ganda likining'inia kama utepe bila kukatika, akalikata na kunipa nusu. Katikati yake palikuwa na sehemu inayong'aa kama imelowana asali. Aliniambia kwamba mwaka 1991, kabla tu ya mavuno, kimbunga kiliangusha matufaha ya Tsugaru yakalala chini kama zulia, na wakulima wakayauza machache yaliyobaki mtini kwa wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, kama tunda lisiloanguka. Aliposhuka Itayanagi aliniachia na ile nusu nyingine.

Goshogawara nilivuka daraja la miguu lililobana na kuingia jukwaa la kampuni nyingine, ndogo kuliko zote nilizopanda siku hiyo: Tsugaru Railway, kilomita 20.7 za njia moja inayokwenda kaskazini hadi Tsugaru-Nakasato tangu mwaka 1930. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Machi hupitisha treni ya jiko. Juu ya nauli ya kawaida unalipa tiketi ya pili, ambayo kwa kweli ni tiketi ya jiko.

Behewa lilikuwa la zamani, sakafu ya mbao iliyonyonya mafuta ya miongo mingi, viti vya kutazamana, madirisha ya kupandisha kwa mkono. Kichwa cha dizeli kinachoyavuta mabehewa haya hakina namna ya kuyapasha moto, kwa hiyo kila behewa lina majiko mawili ya chuma, mviringo, tumbo kubwa, mfano wa yule mdoli wa Kijapani aitwaye *daruma*, yakiwa yamezungushiwa uzio na bomba la moshi likitokea darini. Mhudumu alifungua kijilango, akatia makaa ya mawe kwa koleo dogo, na ndani pakanguruma. Nilipewa nafasi ya karibu kabisa. Goti la kushoto liliungua, bega la kulia likaganda.

Kisha akapita dada mwenye aproni akiuza ngisi wakavu. Nilinunua mmoja, mzima, bapa kama kadi. Aliuweka mwili ule juu ya wavu uliokaa kichwani mwa jiko, akaubana kwa kiganja chenye glavu nene, na ngisi yule mkavu akaanza kujikunja kana kwamba amekumbuka bahari. Mikia ilipanda kwanza, kisha kingo zikapata rangi ya kahawia, madoa meusi madogo yakatokea, na harufu ikajaza behewa lote kiasi kwamba watu wa mwisho wa behewa waligeuka. Dakika mbili, tatu. Akamtoa, na angali wa moto akamchana kwa vidole kufuata nyuzi zake, uzi baada ya uzi, akanirudishia kwenye bahasha ya karatasi. Ni mgumu, ni mtamu, una chumvi, na hauwezi kuliwa haraka hata ukitaka.

Mzee aliyekaa upande wa pili wa jiko alikuwa ananitazama. Alinyoosha mfuko wake wa karanga, akasema, "Ke." Sikuelewa. Akarudia, kwa upole, na mkewe akacheka na kunieleza kwa Kijapani cha shuleni: kwa Kitsugaru, neno *ke* maana yake ni "kula", karibu. Na mtu anayekubali hujibu *ku*, nala. Husemwa kwamba watu wa huku walifupisha maneno ili wasifungue vinywa kwenye baridi. Nilimwambia kwamba katika lugha yangu pia neno la kula huanza na *ku*, na kwamba kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia "karibu" na yeye hujibu "asante, starehe". Mzee alilijaribu mara tatu, "su-ta-re-he", akaridhika. Nikamnyooshea bahasha ya ngisi. "Ke," nilisema. "Ku," akajibu, akachukua nyuzi mbili, moja yake na moja ya mkewe.

Nje palikuwa tambarare nyeupe isiyo na mwisho, mashamba ya mpunga yaliyolala, na upepo ulikuwa unainyanyua theluji kutoka ardhini na kuikimbiza usawa wa madirisha. Kanagi tulisimama kupishana na treni nyingine. Ishara za reli hapo bado ni zile za mikono inayopanda na kushuka kwa waya, na mkuu wa kituo alitembea kwenye theluji akiwa na pete kubwa begani, iliyobeba mfuko wenye kibao cha chuma. Treni haina ruhusa ya kuingia sehemu ya mbele bila kibao cha sehemu hiyo, na kipo kimoja tu, hivyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Dereva alikipokea, akakisoma kwa sauti, akakitundika.

Kitongoji hiki ndicho alikozaliwa mwaka 1857 Nitabo, kipofu aliyezunguka mlango hadi mlango akipiga *shamisen*, ala ya nyuzi tatu, ili apate chakula, na kwake wanaanza kuhesabu mtindo wa Tsugaru, ambao mpigaji huchapa ngozi ya ala kwa nguvu kama ngoma. Nilikuwa nimezisikia rekodi za mtindo huo za kizazi cha sasa na kudhani ukali ule ni ufundi wa jukwaani. Kwa upepo ule, mtu anayepiga nje ya mlango uliofungwa asipochapa kwa nguvu hasikiki.

Tsugaru-Nakasato ni mwisho wa reli. Nilishuka, nikatembea hadi chuma kilipokoma, nikasimama pale kidogo kama nilivyokuwa nikisimama Kigoma utotoni, na giza likaingia, kwa kuwa Desemba jua la huku linazama saa kumi tu. Nilirudi Goshogawara kwa treni ileile.

Chakula cha mwisho nilikipata katika chumba chenye viti saba mbele ya kaunta, kwa mama mmoja mtu mzima. Tambi za Tsugaru hupikwa kwa mchuzi wa *niboshi*, samaki wadogo waliochemshwa kwa chumvi kisha wakakaushwa, na harufu iliyonipokea mlangoni ilinifanya nivue kofia. Mchuzi ulikuwa mwepesi, wa kahawia, wenye uchungu mdogo nyuma ya ulimi ambao mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Niliunywa wote. Nilimwuliza kama naweza kumwona samaki mwenyewe, naye akainama na kutoa chini ya kaunta boksi la kadibodi, limejaa dagaa wa rangi ya fedha waliopinda, wakiwa na vichwa vyao. Alikuwa anaandaa mchuzi wa kesho: unashika dagaa, unavunja kichwa, unafungua tumbo kwa ukucha na kutoa kile cheusi kinacholeta uchungu, unatupa mwili upande mmoja na taka upande mwingine. Kuchambua dagaa. Nilifanya kazi hiyo kila Jumamosi juu ya mkeka, ndugu watano na sinia moja. Treni yangu ya Hirosaki ilikuwa na dakika arobaini bado. Nilinawa mikono, nikauliza kwa ishara, akavuta boksi hadi katikati yetu, na tukachambua.